Boya Lililokunywa Petroli

Hapo zamani, tena si zamani ya wafalme na mazimwi, ni hii zamani ya juzi ambayo wengi wenu mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na mzee mmoja kijijini Lwifa, kule Rungwe ambako mvua hunyesha bila kuombewa. Jina lake Mwasandube. Lakini ukiuliza kwa Mwasandube, watu watakuuliza, Mwasandube yupi? Ukiuliza kwa Bwana Mifugo, hata mtoto wa chekechea atakufikisha mlangoni.

Miaka thelathini na mmoja Bwana Mifugo alitibu ng'ombe wa milima ile, na miaka yote hiyo alipanda pikipiki moja. Nyekundu, taa ya duara, tangi limechubuka pale magoti yake yalipozoea kubana. Watu wa Ilamba juu waliujua mlio wake kabla hawajaiona. Ng'ombe nao waliujua, na wapo waliokuwa wakianza kukimbia sindano pikipiki ikiwa bado ng'ambo ya mto.

Alipostaafu, ofisi ikamwachia ile pikipiki. Akaipanda miezi miwili, kisha goti la kulia likakataa kiki. Akaisukuma hadi stoo nyuma ya jiko, akaifunika turubai. Ikakaa humo miaka minne, petroli yake tumboni.

Siku moja akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake begani. Akachungulia stoo, akainua ncha ya turubai, akasema, "Mzee, hii tuipime?"

Bwana Mifugo akaitazama mizani. Akaitazama pikipiki. Akasema, "Hapana, kijana. Hii haiendi kwa kilo." Akaishusha turubai taratibu, kama anayemfunika mtu aliyelala.

Kesho yake asubuhi akaenda kituo cha maziwa. Saa moja kijiji kizima kiko pale, kila mtu na ndoo yake, wanasubiri maziwa yapimwe. Akavua kofia, akasema:

"Jamani, nawaomba dakika mbili. Pikipiki yangu mnaijua. Mimi siwezi tena kuipanda, na sitaki ifie kwenye mizani. Basi nasema mbele yenu nyote: atakayeiponya, ikanipeleka Ilamba juu na kunirudisha, ni yake. Kadi nitamwandikia jina lake kwa mkono wangu."

Wa kwanza kuja alikuwa Anyitike, fundi pikipiki wa pale njia panda. Mtu wa miaka arobaini, mpole, mikono haikosi grisi. Na hebu fikirini: fundi huyu alitengeneza pikipiki za tarafa nzima, na yeye kila siku alitembea saa moja na nusu kwa miguu kufika kazini, na saa moja na nusu kurudi kwake Busisya.

Akavuta turubai, akachuchumaa. "Mzee, kabla hujaifunika, ilikuwa inasumbua nini?"

"Haikuwa inasumbua kitu. Lililosumbua ni goti."

Anyitike akamwaga petroli ya zamani, imeshanuka kama rangi ya mlango. Akatia mpya. Akapiga kiki. Kabla pikipiki haijakohoa hata mara moja, petroli ikaanza kuchuruzika kutoka mrija wa chini ya kabureta, tiriri, tiriri, hadi sakafuni.

Sasa sikilizeni, maana bila hili hadithi haitawaingia. Mmeshaona boya la tangi la maji. Maji yakijaa, boya linapanda na kufunga mlango wa maji. Yakipungua, linashuka na kuufungua. Kabureta nayo ni hivyo hivyo. Ndani yake mna bakuli dogo, na ndani ya bakuli mna maboya mawili ya shaba, kila moja kama punje kubwa ya harage, yameshikana kwa mkono mmoja. Petroli ikijaa bakuli, maboya yanapanda na kusukuma sindano inayofunga njia. Maboya yakikwama chini, njia haifungwi, petroli inafurika na injini inazama. Yakikwama juu, njia haifunguki, na injini inakufa kwa kiu. Basi.

Anyitike akafungua kabureta. Humo ndani petroli ya miaka minne imeganda kama asali ya chini ya mzinga. Kipini kinachobeba maboya hakizunguki. Akachukua mswaki mkuukuu, akasugua. Akachukua msasa laini, akakisugua kile kipini mpaka kikang'aa. Akazibua vitundu kwa uzi mmoja wa waya wa breki. Akafunga. Akapiga kiki. Pikipiki ikawaka.

Watu wakatoka majumbani. Mzee akasimama mlangoni, mkono kifuani, anasikiliza ule mlio.

Asubuhi yake, petroli iko sakafuni.

Anyitike akafungua, akasafisha, akafunga. Pikipiki ikawaka. Asubuhi yake, petroli iko sakafuni.

Akabadilisha sindano. Akafungua, akasafisha, akafunga. Pikipiki ikawaka. Asubuhi yake, petroli iko sakafuni.

Siku ya nne akaukunja kidogo mkono wa maboya ili yafunge mapema. Akafungua, akasafisha, akafunga. Mnajua kilichokuwa sakafuni asubuhi. Mafundi wenzake wakamwambia aachane na chuma cha babu, lakini kila jioni baada ya kazi alikuja na kuchuchumaa palepale.

Wa pili alikuwa Mama Ipyana, mpimaji wa kituo cha maziwa, mjane wa miaka hamsini na kitu, jirani wa mzee. Kila siku akitoka kituoni alipita uani kwa mzee, anamwamkia, anatazama kazi ya fundi, anaenda zake. Siku ya tano hakwenda zake. Alisimama. Maboya yale yalikuwa yameelea kwenye bakuli la plastiki lenye petroli, Anyitike ameyaloweka ili uchafu ulainike.

"Fundi," akasema, "naweza kuuliza kitu cha kijinga?"

"Uliza tu, mama. Mimi mwenyewe siku tano najiuliza hayo hayo."

"Haya mawili ni sawa?"

"Sawa kabisa. Yametoka kiwandani pamoja."

"Mbona moja limelala?"

Anyitike akainama. Kweli, la kushoto limezama kidogo kuliko la kulia. Kidogo sana, kama upana wa ukucha.

Mama Ipyana akachuchumaa naye. "Mimi kazi yangu ni kutazama kitu kinachoelea. Kipimo changu kikisimama juu, maziwa ni mazito. Kikizama, mtu ametia maji. Lakini hapa petroli ni moja kwa yote mawili. Basi kasoro haiko kwenye petroli. Iko kwenye boya lenyewe."

Akayatoa, akalitikisa la kushoto sikioni. Akampa Anyitike. Akalitikisa naye. Ndani mkasikika kitu chepesi, chwa, chwa.

"Limekunywa," akasema Mama Ipyana.

Mzee akaleta chupa ya chai yenye maji ya moto. Wakayamimina kikombeni, wakalizamisha boya. Kutoka kwenye mshono wa boya kikapanda kipovu kimoja, kidogo kama kichwa cha pini. Kikafuata kingine. Kikafuata kingine.

Anyitike akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Siku tano," akasema. "Siku tano nasugua kitu kilichotoboka." Kisha akageuka. "Mama, uliliona lini?"

Mama Ipyana akarekebisha kanga yake. "Siku ya pili."

"Na hukusema?"

"Wewe ndiye fundi, baba. Ningeanzaje?"

Mzee akacheka hadi akashika goti. Anyitike naye, baada ya kufikiri kidogo, akacheka.

Wakatafuta boya jipya. Anyitike akapiga simu Tukuyu, akapiga Mbeya, akapiga kwa mtu anayemfahamu Iringa. Kila mmoja akamjibu kwamba pikipiki za aina ile hazina vipuri tena. Ndipo mzee akasema, "Kuna Sekela."

Wa tatu, basi, alikuwa Sekela, fundi redio. Mwanamke wa miaka thelathini, chumba chake cha kazi kiko mkabala na kituo cha maziwa. Alitengeneza redio, taa za sola, chaja, kila kilicho na waya. Vilivyoharibika katika vijiji vya mbali alivifuata mwenyewe, akivibeba kwenye kikapu mgongoni, kilima hadi kilima.

Akalipokea boya, akalinusa. "Ndani bado mna petroli. Nikigusisha lehemu ya moto hapa, nitarudi nyumbani bila nyusi."

Akalitia kwenye maji ya moto, likatoa vipovu. Akalitikisa, likatoa matone. Akalirudisha majini. Akalianika juani siku mbili, na kila alipopita alilinusa. Siku ya tatu halikuwa na harufu yoyote. Ndipo akawasha chuma chake cha kulehemu, akashika pumzi, akadondosha lehemu juu ya kile kitundu. Tone moja, ukubwa wa punje ya ulezi. Kitundu kikaziba.

Wakayaweka maboya yaelee kwenye petroli. La kushoto likalala tena.

"Bado linakunywa?" akauliza Anyitike.

"Halinywi," akasema Sekela. "Nimelitwisha mzigo. Lehemu ina uzito."

Akachukua tupa laini, akaparuza kidogo. Akaliweka lielee. Limelala. Akaparuza kidogo. Akaliweka lielee. Limelala. Mara kumi na moja, ndugu zangu, na mimi nilihesabu, maana nilipeleka redio yangu siku hiyo na sikuhudumiwa. Kila mara akiogopa kwamba akiparuza zaidi atafungua kitundu upya. Mara ya kumi na moja, maboya yote mawili yakasimama sawa juu ya petroli kama macho ya chura.

"Mimi ningeshalitupa huko," akasema Anyitike.

"Redio zimenifundisha kukaa," akasema Sekela.

Anyitike akayarudisha ndani, akafunga. Pikipiki ikawaka. Asubuhi yake, sakafu kavu. Asubuhi ya pili, sakafu kavu. Asubuhi ya tatu mzee mwenyewe alipiga magoti kwa shida, akapitisha kiganja sakafuni, akakinusa, akatabasamu. Wakakubaliana Jumamosi watakwenda Ilamba juu, Anyitike akiendesha na mzee amepakiwa nyuma.

Lakini Alhamisi saa tatu asubuhi simu ya mzee ikalia. Ni Bibi Tupokigwe wa Ilamba juu.

"Bwana Mifugo, ng'ombe wangu anazaa tangu alfajiri. Naona mguu mmoja tu. Nimempigia bwana mifugo mpya, yuko semina. Najua wewe umestaafu, lakini nimpigie nani?"

Bibi Tupokigwe alikuwa na ng'ombe mmoja. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyowalea wajukuu wake wanne, na ndiyo yaliyokuwa yakiwasomesha. Na mvua za wiki ile zilikuwa zimeangusha udongo barabarani, gari halipiti.

Mzee akasema, "Nakuja." Akakata simu, akatoa begi lake la zamani chini ya kitanda. Anyitike akaitwa, akaacha spana kwenye pikipiki ya mteja, akaja mbio. Mama Ipyana na Sekela wakatoka makazini kwao kuwatazama wakiondoka. Hakuna aliyezungumza habari ya ahadi.

Wakavuka daraja. Wakapita shamba la chai. Wakaanza kupanda kilima cha Ilamba, tope hadi kwenye vyuma vya kukanyagia. Katikati ya kilima pikipiki ikalegea, ikalegea, ikazimika.

Anyitike akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Kimya.

Simu ya mzee ikalia. "Bwana Mifugo," akasema Bibi Tupokigwe, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana, "sasa amelala chini. Haamki."

"Tuko njiani, mama. Mwekee majani chini ya kichwa, na usimvute ndama." Mzee akakata simu, akatazama juu ya kilima. Kwa goti lile, kupanda pale kungemchukua hadi adhuhuri. Aliweka tu mkono begani kwa fundi, akausahau pale.

Anyitike akafumba macho. Baadaye alitueleza alichokuwa akifikiri. Pikipiki ile alikuwa ameisikiliza siku nyingi kuliko mkewe. Ilipokuwa inazama kwa petroli ilikuwa ikikohoa na kutoa moshi. Safari hii haikukohoa. Ilikufa polepole, kama mtu aliyeishiwa pumzi. Akanusa: hakuna harufu ya petroli. Akalegeza skrubu ya chini ya bakuli: halikutoka hata tone. Tangi limejaa, bakuli kavu.

"Haijazidiwa," akasema. "Ina kiu. Boya limekwama juu."

Kuifungua kabureta pale, kwenye tope, na skrubu ndogo kama zile, ni saa nzima. Akachukua bisibisi, akaigeuza, akagonga bakuli kwa mpini wake. Si kwa nguvu. Ko, ko, ko, kama mtu anayebisha kwa wakwe. Akatega sikio. Ndani ikasikika petroli ikiingia. Akapiga kiki, pikipiki ikanguruma.

Ikazimika tena kwenye kona. Ko, ko, ko. Ikazimika tena karibu na kanisa. Ko, ko, ko. Mara tatu ilikata roho na mara tatu aliirudisha, na wakafika.

Mzee akaosha mikono hadi begani, akajipaka mafuta, akalala chini kwenye majani nyuma ya ng'ombe. Mguu wa pili wa ndama ulikuwa umejikunja ndani. Akamsukuma ndama nyuma, akautafuta ule mguu, akaunyoosha. Miaka minne hakufanya kazi ile, na mikono haikuwa imesahau. Kwa nusu saa alikuwa akimbembeleza ng'ombe kwa Kinyakyusa. Kisha akavuta, ng'ombe akasukuma, na ndama akatoka, hapumui. Mzee akachukua unyasi, akamtekenya puani. Ndama akapiga chafya. Jike, mwekundu, baka jeupe usoni.

Bibi Tupokigwe akakaa chini palepale kwenye majani. "Ndaga fijo," akasema. "Ndaga fijo." Ni asante kwa lugha yao, naye aliirudia mpaka mzee akamwambia, "Basi, mama, inatosha, tumsimamishe huyu anyonye."

Na Anyitike? Anyitike alikuwa nje ya banda, kabureta mapajani. Ndani ya bakuli aliona mkwaruzo mpya unaong'aa. Lile tone la lehemu, hata baada ya kuparuzwa, lilikuwa limetuna kidogo upande, na mtikisiko wa mlimani ulipozidi liligusa ukuta wa bakuli na kukwama. Akaupinda mkono wa maboya kwa unene wa unywele. Akaangalia dhidi ya jua: nafasi ipo. Akafunga.

Wakarudi na mkungu wa ndizi umefungwa nyuma ya mzee. Pikipiki haikuzimika hata mara moja. Tangu siku hiyo haijadondosha tone, haijakosa kuwaka.

Jumamosi asubuhi, kituo cha maziwa. Mzee akaiegesha pikipiki katikati ya watu, imeoshwa inang'aa. Mkononi kadi na ufunguo. Akasema, "Ahadi ni ahadi. Imenipeleka Ilamba na kunirudisha. Aliyeiponya ajitokeze."

Wakajitokeza watatu.

Mama Ipyana akatangulia. "Mimi sina maneno mengi. Fundi alisafisha siku tano, na siku tano petroli ilikuwa sakafuni. Nani aliuona ugonjwa? Mimi. Kama nisingeuona, mpaka leo angekuwa anasugua, na boya lisingefika kwa Sekela. Na pikipiki hii, najua la kuifanyia. Marehemu mume wangu alinifundisha kuendesha. Kuna watu wa mbali ambao maziwa yao huchacha kabla hayajafika hapa. Nitawafuata."

Sekela akasema, "Nakuheshimu, mama. Lakini kuujua ugonjwa si kuponya. Bwana Mifugo, ukimwambia mtu ng'ombe wako ana ugonjwa huu, kisha ukashika njia yako, huyo ng'ombe amepona? Kitundu kilizibwa na nani? Kitu ambacho hakipo Tukuyu, hakipo Mbeya, hakipo Iringa, kilitengenezwa pale ng'ambo, mezani kwangu. Na mgongo wangu umebeba redio za watu miaka saba."

Anyitike alikuwa wa mwisho. Akafuta mikono kwenye ovaroli, ingawa siku hiyo ilikuwa safi. "Mama aliona, kweli. Sekela aliziba, kweli. Lakini mzee alisema impeleke Ilamba na kumrudisha. Pale kilimani, ng'ombe wa watu anakufa, aliyeona hakuwepo na aliyeziba hakuwepo. Nilikuwepo mimi. Na nilikuwepo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na zote. Ugonjwa wa mwisho niliuona mwenyewe na nikautibu mwenyewe. Ninatengeneza pikipiki za watu wote, jamani. Yangu sina."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Lakini walikuwa wamekubali vivyo hivyo kwa Mama Ipyana, na kwa Sekela.

"Na kilichowazimisha kilimani ni nini?" akauliza Mama Ipyana kwa upole. "Si lehemu ya Sekela?"

"Ni lehemu yangu," akasema Sekela. "Sikatai. Lakini aliyeifunga ndani bila kuangalia kama inagusa si mimi."

"Ni mimi," akasema Anyitike. "Nami sikatai. Lakini mama angesema siku ya pili alipoona, tungekuwa na muda wa kuijaribu polepole, mlima hadi mlima, kabla ya kuitwa."

Mama Ipyana akainamisha kichwa. "Ni kweli," akasema. "Nilinyamaza siku tatu nzima."

Wakatazamana, wote watatu, na hakuna aliyekuwa na kinyongo. Lakini hakuna aliyerudi nyuma pia. Kila mmoja aliitaka ile pikipiki, na kila mmoja alijua kwa nini.

Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Si wagawane? Kila mmoja siku mbili, Jumapili ipumzike."

Mzee akatikisa kichwa. "Ng'ombe wa watu watatu nimemtibu sana. Wote wanakama, na majani haijulikani nani amkatie. Nilisema atakuwa mmoja, na mmoja atakuwa."

Akaugeuza ufunguo kiganjani. Akamtazama Mama Ipyana, akamtazama Sekela, akamtazama Anyitike. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye furaha, na bado jasho lilimtoka.

"Mimi nilizoea wagonjwa wasiosema," akasema. "Hawa wanasema, na wote wanasema kweli. Nisaidieni."

Nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu, na jibu nilikuwa nalo. Jirani yangu wa kulia alikuwa na jingine, na wa kushoto jingine, na maziwa yetu yalikaa bila kupimwa hadi jua likawa kali. Sasa nanyi mmesikia yote, sikuficha kosa la mtu wala jema la mtu. Mzee amenyoosha mkono, ufunguo uko kiganjani, anawangoja nyinyi. Je, nani astahili kuwasha pikipiki ile na kwenda nayo kwake: aliyeuona ugonjwa, aliyekiziba kitundu, au yule ambaye hakumwacha mgonjwa njiani?